Mwana, Baba na Kondoo: Wenye Hekima wa Uchina

Sisi tuliosoma falsafa katika seminari kuu tulianzia kwa Wagiriki, tukafika kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na habari za Uchina hazikutajwa ila kwa nadra. Ni hasara kubwa. Maana kabla Sokrates hajazaliwa, alikuwa amekwisha kufariki huko Uchina mwalimu ambaye mafundisho yake yameongoza nyumba, shule na mabaraza ya wafalme kwa muda wa miaka zaidi ya elfu mbili. Jina lake Kongzi, yaani Mwalimu Kong. Mapadre Wajesuiti waliligeuza jina hilo kwa Kilatini, ndipo Wazungu wakamwita Confucius.

Alizaliwa mwaka 551 kabla ya Kristo katika nchi ya Lu, ambayo leo imo katika jimbo la Shandong. Siku zile ukoo wa wafalme wa Zhou ulikuwa umedhoofika, na watawala wadogo walikuwa wakipigana wao kwa wao. Kongzi alizunguka miaka mingi akimtafuta mtawala wa kumsikiliza, asimpate. Akarudi kwao kufundisha, akafariki mwaka 479. Maneno yake yalikusanywa na wanafunzi wake, na wafuasi wao, katika kitabu kiitwacho Lunyu.

Neno lake kubwa ni ren. Kwa Kiswahili hatuna haja ya kulitafuta mbali: ni utu. Wachina huliandika kwa alama ya mtu iliyounganishwa na alama ya mbili, kwa kuwa utu hauonekani ila mtu anapokuwa na mwenziwe. Nao hujifunzwa nyumbani, katika heshima ya mwana kwa wazazi, na katika adabu ya kusalimu, kula, kuzika na kuomboleza.

Lakini hapo pana jambo zito. Mtawala mmoja alijisifu mbele ya Kongzi kwamba kwao yuko mtu mnyofu kabisa: baba yake alipoiba kondoo, yeye mwana alimshuhudia. Kongzi akajibu kwamba kwao unyofu ni wa namna nyingine. Baba humsitiri mwana, na mwana humsitiri baba. Wewe msomaji wasemaje? Amri ya nne yatuamuru kuwaheshimu baba na mama, na ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Kweli, kunyamaza si kusema uongo. Hata hivyo mwenye kondoo naye ana haki yake, na Kongzi hakumtaja.

Aliyemtaja, kwa maana, ni Mozi, aliyefundisha baada ya Kongzi. Alisema vita na wizi hutoka papo hapo: kila mtu hupenda nyumba yake kuliko ya mwenziwe, na nchi yake kuliko ya jirani. Basi yapasa kuwapenda watu wote sawasawa. Alilaumu pia mazishi ya gharama kubwa na desturi ya kuomboleza miaka mitatu, kwa sababu yaliwafukarisha maskini.

Mengzi, mfuasi mashuhuri wa Kongzi katika karne ya nne kabla ya Kristo, hakukubali. Kuwapenda wote sawasawa, alidai, ni sawa na kutokuwa na baba. Alitoa mfano wa mtoto mchanga anayekaribia kutumbukia kisimani. Yeyote amwonaye hushtuka na kumhurumia mara moja, wala si kwa kutaka sifa au kujipendekeza kwa wazazi wake. Mbegu ya wema, basi, imo moyoni; huota nyumbani, kisha hutandaa hata kwa wageni. Kwetu sisi jibu hili lina nguvu kuliko lile la kondoo.

Xunzi alikanusha: maumbile ya mtu ni mabaya, hunyoshwa kwa mafunzo kama mti uliopinda. Wanafunzi wake wawili, Han Fei na Li Si, wakavuka mpaka wa mwalimu wao, wakategemea sheria, tuzo na adhabu tu. Li Si akawa waziri wa mfalme wa Qin, aliyeunganisha Uchina yote mwaka 221. Mwaka 213 vitabu vya kale vikachomwa moto. Mwaka 206 ukoo wa Qin ulikuwa umekwisha anguka.

Laozi na wafuasi wake, watu wa Dao, yaani Njia, waliona juhudi hizo zote kuwa ni kuhangaika bure. Wao walisifu maji, yaliyo laini na bado hushinda jiwe. Wanastahili makala yao wenyewe.

Wafalme wa Han walirudisha vitabu vya wafuasi wa Kongzi, na baadaye maofisa walichaguliwa kwa mitihani ya vitabu hivyo hata mwaka 1905. Korea na Vietnam zilifuata mitihani ya namna hiyo.

Padre Matteo Ricci, aliyefika Beijing mwaka 1601, alivaa mavazi ya wasomi hao. Aliona kuwa heshima waliyopewa Kongzi na wahenga ni adabu ya kiraia, si kuabudu. Wengine walipinga, Papa Klementi XI alizikataza desturi hizo, na Papa Benedikto XIV akathibitisha katazo mwaka 1742. Roma iliwaruhusu tena Wakristo mwaka 1939, chini ya Papa Pio XII. Katika muda huo wa karibu miaka mia mbili, Mkristo Mchina aliyesimama mbele ya kibao cha jina la babu yake alikuwa katika mashaka makubwa.

Mwaka 1966 vijana wa Mao walivunja makaburi ya ukoo wa Kong huko Qufu. Lakini mwaka 2013 serikali ya chama kile kile ilianza kutumia sheria inayowataka watoto wanaoishi mbali wawazuru wazazi wao mara kwa mara, na mahakama moja mjini Wuxi ikamwamuru binti aende kumwona mama yake angalau mara moja kila miezi miwili.