Sanamu Zinazolala Nje

Tukisikia makavazi, wengi wetu hufikiria jumba lenye mlinzi mlangoni. Bustani ya Sanamu ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, haina paa. Ilianzishwa mwaka wa 1977 na Peter Murray, aliyekuwa mhadhiri katika chuo kilichokuwa hapo Bretton. Leo ni takriban hekta 200 za nyasi, miti na maziwa mawili.

Humo mna kazi za Henry Moore na Barbara Hepworth, wote wazaliwa wa Yorkshire. Kondoo hula nyasi kando ya sanamu za Moore, na mwenyewe alipenda hivyo.

Lakini mvua haina heshima. Sanamu nyingi za Moore ni za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na ndani ziko wazi kama chungu. Unyevu huzila polepole na kuacha michirizi ya kijani. Dawa yake si ya ajabu: huoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali, hukaushwa, kisha hupakwa nta na kusuguliwa kwa kitambaa. Baada ya muda hurudiwa.

Mwizi ni mbaya kuliko mvua. Mwaka wa 2005, sanamu ya Moore yenye uzito wa tani mbili hivi iliibwa kutoka Hertfordshire, kusini mwa nchi hiyo. Thamani yake ilikuwa pauni milioni 3. Polisi waliamini iliuzwa kama vyuma kuukuu, kwa pauni 1,500 hivi.

Sanamu ya Dedan Kimathi jijini Nairobi, iliyozinduliwa mwaka wa 2007, ni ya bronzi pia. Ukiona mtu akikata au kung'oa sehemu ya sanamu yoyote ya umma, piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu nawe.