Joto Ndani ya Mkonga: Mafunzo Niliyopata Kati ya Shinyanga na Geita

Gari ninaloendesha ni Land Cruiser hadtopu, ile ambayo Tanzania nzima tunaiita mkonga, yenye injini ya 1HZ: silinda 6, lita 4.2, dizeli isiyo na tabo. Toyota walianza kuitoa injini hiyo mwaka 1990, na mafundi wa Kanda ya Ziwa wanaifungua na kuifunga bila kutazama kitabu. Kazi yangu ni kupeleka mafundi na vipuri vya karasha, mashine za kusaga mawe, kutoka Shinyanga hadi Kahama, Kakola, Nyarugusu, Katoro na Geita mjini. Wanaokaa nyuma kwenye yale mabenchi ya pembeni wanakwenda kufanya kazi ngumu. Sitaki wafike wamechoshwa na gari. Haya ndiyo niliyojifunza katika kulipoza.

1. Joto lina njia zake. Zifuate kabla ya kutoa hela

Joto likimzidi mtu, wa kwanza kutafutwa ni fundi wa AC. Mimi niliokolewa na kijana mmoja, fundi bodi wa Kahama. Alinisikiliza, kisha akasema: "Mzee, usinunue chochote kwanza. Vua viatu, kaa upande wa abiria, niendeshe mimi."

Tukafunga vioo, tukazima AC, tukaenda mpaka injini ikashika joto lake. Nikawa napapasa kwa nyayo na kiganja: sakafu, kichuguu cha geaboksi, ukuta wa bati ulio kati ya injini na dashibodi, matundu ya hewa, dari. Baadaye tukaliacha gari juani, limezimwa, tukapapasa tena sehemu zilezile. Panapochoma gari likitembea jioni, joto hilo ni la injini na ekzosi. Panapochoma gari likiwa limelala juani, hapo ni kazi ya jua. Gari langu lilikuwa likichoma miguu hata usiku, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuanzia kwenye vioo wala paa.

2. Hita inaweza kuwa inafanya kazi bila wewe kujua

Hili ndilo lililonisaidia kuliko yote, na ndilo ambalo watu huku hawalifikirii, kwa sababu nani Shinyanga aliwahi kuwasha hita? Lakini magari mengi yaliyotoka Japani yamefungwa hita. Maji ya injini, yenye nyuzi 80 na zaidi, hupitishwa kwenye radieta ndogo iliyo chini ya dashibodi, na kuna koki inayoyazuia usipohitaji joto. Koki hiyo huchoka. Ikishindwa kufunga sawasawa, au waya wake ukilegea, maji ya moto yanapita mchana kutwa karibu na magoti yako, na ukiwasha feni unapuliziwa joto hilo usoni.

Kipimo chake ni rahisi. Injini ikiwa ya moto na koki imefungwa, gusa kwa uangalifu mpira unaotoka kwenye koki kuelekea ndani. Ukiwa wa moto sawa na ule wa upande wa injini, koki haifungi. Unaweza kununua koki mpya, au ukamwambia fundi aunganishe mpira unaotoka injini na ule unaorudi, ili maji yazunguke bila kuingia ndani kabisa. Sisi tuliunganisha, tukabana kwa klipu mpya, tukajaza kulanti na kutoa hewa. Ukiwa na hadtopu ndefu, angalia pia chini ya viti vya nyuma, kwa maana baadhi yake zina hita ya pili huko, na mabomba yake yanapita chini ya sakafu.

3. Tundu linaloingiza vumbi linaingiza joto, na linaweza kuingiza moshi

Ukikanyaga murram ukaona vumbi jekundu limejikusanya kuzunguka gea, umeonyeshwa tundu lilipo. Raba ya gea kubwa na ile ya gea ya four-wheel hupasuka kwa uzee, na hewa iliyochemshwa na geaboksi hupanda moja kwa moja. Kwenye ukuta wa injini kuna raba ndogo ndogo ambamo nyaya na kebo hupita. Fundi umeme akipitisha waya mpya wa redio au taa, mara nyingi hutoboa tundu na kuliacha wazi. Usiku, mweke mtu ndani na wewe mulika tochi upande wa injini: kila nukta ya mwanga anayoiona ni tundu la kuziba.

Nilibadilisha raba zote na matundu madogo nikayaziba kwa silikoni inayostahimili joto. Hapa sikubania hata shilingi. Gesi ya kaboni monoksidi kutoka kwenye ekzosi iliyovuja haina rangi wala harufu, na dalili zake, kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi, dereva huzichukulia kuwa uchovu wa safari. Kwa hiyo kabla ya kuziba ndani tuliingia chini tukakagua ekzosi yote, maungio na gasketi zake. Raba za milango ya nyuma nazo tulibadilisha. Gari likienda kasi, hewa hupungua nguvu nyuma yake na kufyonza vumbi na moshi ndani. Ndiyo maana abiria wangu siwaruhusu kuacha kioo cha mlango wa nyuma wazi huku vya mbele vimefungwa.

4. Kinachotandikwa chini ya kapeti kina kazi tofauti tofauti

Madukani kuna mikeka mizito ya raba yenye foili juu. Inanyamazisha mtetemo wa bati, na hilo ni jema, lakini peke yake haizuii joto sana. Kinachozuia joto ni sponji isiyonyonya maji, ile yenye vishimo vilivyofungwa, ikitandikwa juu ya mkeka huo. Foili inayong'aa hurudisha joto ikiwa tu ina nafasi ya hewa mbele yake. Ukiigandamiza kati ya bati na kapeti, bati hulipitisha joto na mng'ao hauna msaada.

Kwa sababu hiyo, mahali ekzosi inapopita karibu na sakafu tulifunga bati la alumini upande wa nje, chini ya gari, likiwa limeachana na sakafu kiasi cha upana wa kidole. Hewa ya safari inapita katikati na kuondoka na joto. Bati hilo lilitengenezwa na fundi wa hapo hapo kwa bei ndogo kuliko mkeka mmoja wa dukani.

Lami ya kuezekea nyumba usiitumie ndani ya gari. Ikipata joto inalainika na kunuka. Magunia na blanketi nazo hunyonya maji ya kuoshea gari, na sakafu inaliwa na kutu bila kuonekana.

5. Huku kwetu jua linapiga paa

Ushauri mwingi unaoandikwa kuhusu magari hutoka nchi ambazo jua hukaa chini angani na kuingia kwa vioo. Shinyanga iko chini kidogo ya nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Jua hupita utosini mwanzoni mwa Oktoba na tena kabla ya katikati ya Machi, na hata Juni mchana halishuki sana. Saa sita, anga likiwa safi, kila mita ya mraba ya paa hupokea karibu wati 1,000. Na Oktoba mvua bado haijaja.

Land Rover za zamani zilijua jambo hili. Baadhi ya Station Wagon zilikuja na paa la pili la bati juu ya lile la kwanza, hewa ikipita katikati. Nimeiga wazo hilo kwa keria: juu yake nimefunga plaiwudi iliyopakwa rangi nyeupe, haijagusa paa popote. Ndani tulishusha silingi tukabandika sponji ileile ya sakafuni. Paa lenyewe ni jeupe na litabaki jeupe. Rangi nyeusi naiona ikizidi kupendwa mjini, na inawafaa wasiokaa na abiria juani.

6. Gari kuchemsha ni jambo jingine

Kuna mafundi wanaotoa themostati wakiamini gari litapoa. Kabini haipoi kwa hilo, na injini huchelewa kufikia joto lake, ikala mafuta na kuchakaa. Iache mahali pake. Tumia kulanti, kwa kuwa maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko ndani ya radieta.

7. Kivuli ni sehemu ya matengenezo

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba joto ndani ya gari lililoegeshwa juani hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi ndani ya saa moja, sehemu kubwa ikiwa katika nusu saa ya kwanza, na kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Mtoto asiachwe ndani hata kwa dakika za kununua vocha.

Shinyanga kivuli kina historia ndefu. Misitu ilifyekwa tangu wakati wa ukoloni ili kumaliza mbung'o, kisha yakafuata mashamba ya pamba na mifugo, mpaka Mwalimu Nyerere akaona hatari ya jangwa. Mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza mwaka 1986 na kuzirudishia heshima ngitili, maeneo ambayo Wasukuma hufunga ili nyasi na miti ipumzike. Ninapoegesha chini ya mti kando ya ngitili, au chini ya mwarobaini wa mtu mjini, nawashukuru waliopanda na waliojizuia kukata.

Kabla ya Juni 2025, ukienda Geita kwa njia ya Mwanza ulingoja kivuko cha Kigongo–Busisi, injini imezimwa, foleni iko juani. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, limeondoa subira hiyo. Karashani bado tunangoja, na huko nimebeba turubai la kufunga ubavuni.

8. AC ije mwisho

Baada ya yote hayo ndipo nikaenda kwa fundi AC. Nilimwomba atafute mvujo kwanza, avute hewa na unyevu kwa pampu, kisha ndipo ajaze gesi kwa kipimo. Gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huenda lilifungwa R12, gesi iliyoanza kuondolewa duniani baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Kuhamia R134a kunataka oili na raba zinazoafikiana nayo. Kondensa huziba kwa vumbi la murram. Ioshe kwa maji ya bomba yasiyo na nguvu, kutoka upande wa injini kuja mbele, maana mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi yake.

Gari likitoka juani, fungua milango yote kwanza, tembea kidogo vioo vikiwa chini, kisha funga na uweke hewa izunguke ndani. Kila baada ya muda naruhusu ya nje iingie. Na nikisikia harufu ya moshi ndani, sizungushi hewa kabisa hata barabara iwe vumbi tupu: nasimama, nawashusha watu, naingia chini kutafuta ekzosi ilipovuja.