Kifundo cha Mguu Kikigoma Kukunja

Kifundo kilichokaza hujulikana chooni. Mtu anachuchumaa, kisigino kimoja kinatua chini, cha pili kinabaki juu. Au yuko kwenye swala, kikao cha tahiyatu kinamshinda. Ukimuuliza, mara nyingi atakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma aliteleza akishuka bodaboda, mguu ukapinda kwa ndani, ukavimba, kisha akaacha upone wenyewe.

Mguu ukipinda hivyo, zinazoumia ni kano za upande wa nje, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Zinahitaji wiki kadhaa kuunga. Tatizo ni kwamba mguu uliolazwa tu muda wote huo hukaza, na msuli wa kigimbi hupoteza nguvu.

Siku mbili za kwanza upumzishe. Funga barafu kwenye kitambaa, usiiweke kwenye ngozi tupu, ikae dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Kama hakuna barafu, tumia kitambaa kilicholowa maji ya mtungini. Funga bendeji isiyobana sana, na ukilala uinue mguu kwa mito, upite usawa wa moyo. Maji ya moto na kuchua, hapana, huongeza uvimbe. Kila mtaa una bibi anayesifika kwa kuchua miguu. Asubiri.

Maumivu yakianza kupungua, kichezeshe kifundo. Kaa kitini, mguu ukining'inia, uchore herufi hewani kwa kidole gumba. Kuuma kidogo si neno. Kukiwa kukali, punguza.

Ukishaweza kuukanyagia, jipime ukutani. Simama peku ukitazama ukuta, kisha kunja goti mpaka liuguse bila kunyanyua kisigino. Sogeza mguu nyuma kidogo kidogo hadi goti lifike kwa taabu, halafu pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Watu wazima wengi hufika karibu sentimita 10, lakini kipimo chako hasa ni mguu wako mzima. Ukikuta tofauti, kipimo hicho hicho kigeuze zoezi: shikilia goti ukutani sekunde 30, mara tatu, asubuhi na jioni. Na unapopiga mswaki, simama kwa mguu ule ulioumia. Kama bado unayumba, ni rahisi kuteguka tena.

Nenda hospitali upigwe eksirei ikiwa huwezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza mfupa uliotokeza wa kifundo, hasa ukingo wake wa nyuma, unauma. Kifundo chekundu, cha moto, kikiambatana na homa, nenda siku hiyo hiyo, kwani huenda kiungo kimeingiwa na vijidudu. Mwenye kisukari asingoje maumivu: mguu ukivimba na kupata joto, aache kuukanyagia na awahi kwa daktari, maana mishipa ya fahamu iliyokufa ganzi humfanya atembee juu ya mfupa uliovunjika bila kujua.