Siku moja Kinsale

SWALI: Msomaji atakayekuwa Cork, Ayalandi, ana siku moja ya mapumziko. Je, mji mdogo wa Kinsale unafaa, na aanzie wapi?

JIBU: Unafaa sana. Uko kilomita 25 hivi kusini mwa Cork, na basi hufika.

Aanzie Charles Fort, ngome ya umbo la nyota iliyoanza kujengwa miaka ya 1670 kulinda bandari. Ilijengwa kupambana na meli. Mwaka 1690 majeshi ya William wa Tatu yakaishambulia kutoka nchi kavu, kwenye mwinuko ulio nyuma yake, nayo ikasalimu amri baada ya siku 13. Asimame uani autazame mwinuko huo: kosa la wajenzi linaonekana wazi. Aende kwa miguu kupitia Summercove, njia nzuri kuliko zote za hapo.

Mjini kuna kanisa la St Multose, lenye makaburi ya baadhi ya waliokufa kwenye meli ya Lusitania, iliyozamishwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915.

Rasi ya Old Head, iliyo karibu na ilipozama, inahitaji gari. Asiye nalo aiache, aongeze saa moja ngomeni.