Sikukuu Mikumi wakati wa mlipuko: pumzika bila kuwaachia wenyeji madhara

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni jirani. Iko umbali wa kilomita 280 hivi, barabara kuu ya kwenda Iringa na Tunduma inapita ndani yake kwa takriban kilomita 50, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR imeifanya safari ya Morogoro na Kilosa kuwa ya saa chache tu. Ndiyo maana Pasaka, Idi, Nanenane na Krismasi zikikaribia, familia, vikoba, kwaya na shule huanza kuchangishana nauli. Ni jambo jema. Hifadhi ni mali ya Watanzania, na Mtanzania ana haki ya kwenda kuona tembo wa nchi yake.

Hata hivyo, ugonjwa wa mlipuko hauendi likizo. Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipoingia nchini, watalii wa kimataifa walipungua kutoka 1,527,230 wa mwaka uliotangulia hadi 620,867. Wageni wa nje walipopotea, wa ndani ndio walioombwa kuzijaza hifadhi. Baada ya hapo tumepata milipuko ya Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na 2025, mpox mwaka 2025, na kipindupindu kinachorudi mara kwa mara penye shida ya maji safi na vyoo. Makala haya yanaeleza namna ya kwenda Mikumi katika vipindi kama hivyo bila kujidhuru, bila kuwadhuru watu wa Wilaya ya Kilosa walio jirani na hifadhi, na bila kuwasumbua wanyama.

Hatari iko pale tunapobanana

Mbuga ni pana. Mikumi ina kilomita za mraba 3,230, na uwanda wa Mkata una upepo wa kutosha kwa kila mtu. Familia iliyokaa ndani ya gari lake, madirisha wazi, ikitazama pundamilia, haina cha kuhofia sana kuhusu ugonjwa wa njia ya hewa. Hatari iko kwenye Kosta iliyojaza watu hadi kwenye njia ya katikati, kwenye foleni ya lango, kwenye choo kimoja kinachotumiwa na mabasi matano, na kwenye meza ya nyama choma ambako watu kumi wanakula sinia moja kabla hata mmoja hajanawa.

Waingereza walilijua hili kwa gharama. Tarehe 25 Juni 2020, baada ya wiki nyingi za kufungiwa ndani, joto liliwatoa watu kwa maelfu kwenda fukwe za Bournemouth, hadi baraza la eneo hilo likatangaza hali ya dharura. Kwa siku moja zilizolewa tani 33 za taka na magari 558 yakatozwa faini kwa kuegeshwa vibaya. Kulikuwa na ulevi na ugomvi, na magari ya dharura yalipata shida kupita. Bahari ilikuwa wazi, lakini barabara, vyoo na maegesho vilikuwa vimezidiwa.

Nasi tuna vidonda vyetu. Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa katika ukumbi wa disko mjini Tabora. Machi 2021, watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Msongamano unaua hata pasipo ugonjwa. Ugonjwa ukiongezeka juu yake, madhara yanasafiri na kila abiria hadi nyumbani kwake.

Kabla ya safari

Kwanza, jua mlipuko uliopo ni wa nini, maana kila ugonjwa una njia yake. UVIKO-19 na mafua makali huenea kwa hewa: muhimu ni madirisha wazi, barakoa na kupunguza idadi ya watu. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi: muhimu ni maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, chakula cha moto na choo. Mpox huenea zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kuchangia mashuka au taulo. Marburg huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Fuata taarifa za Wizara ya Afya na za mganga mkuu wa mkoa, na ukiwa na swali piga namba 199 bila malipo.

Pili, chagua siku. Msongamano mkubwa huwa siku ya sikukuu yenyewe. Ukienda katikati ya wiki, utakuta lango tupu, waongozaji wenye muda na wanyama waliotulia. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, wanyama hukusanyika kwenye maji, na magari nayo hufanya hivyo. Bwawa la viboko likiwa limezungukwa, endesha mbele na urudi baadaye. Masika, njia nyingi za ndani huwa tope.

Tatu, gawanyeni kundi. Kikoba cha watu 60 si lazima kiende siku moja. Wengine waende Mikumi, wengine Milima ya Udzungwa upande wa Mang'ula, ambako watu hutembea kwa miguu na maporomoko ya Sanje huanguka kwa urefu wa mita zaidi ya 150. Wiki inayofuata mnabadilishana.

Nne, mgonjwa abaki nyumbani. Mwenye homa, kikohozi, kuhara au vipele visivyoeleweka asipande gari, hata kama alishalipa mchango. Viongozi wa kundi waweke utaratibu wa kumrudishia fedha yake au kumwekea nafasi ya safari nyingine. Watu wengi husafiri wagonjwa kwa sababu wanaona uchungu wa kupoteza elfu hamsini.

Ndani ya gari na treni

Mwaka 2020 tulizoea agizo la level siti, abiria kwa idadi ya viti. Kwenye safari ya mapumziko wakati wa mlipuko liwe sharti la kundi, bila kusubiri trafiki awasimamishe. Gari la kukodi likiwa na viti 29, wapande 29 pamoja na watoto. Mtoto anapumua na kukohoa kama mtu mzima.

Fungueni madirisha ya pande zote mbili, hata kwa ufa mdogo kama kuna baridi au vumbi. Ndani ya SGR madirisha hayafunguki, hivyo barakoa ivaliwe, hasa na wazee na wenye kisukari, presha au pumu. Mkishuka stesheni ya Kilosa, kumbukeni kuwa Mikumi bado iko zaidi ya kilomita 70 kwa barabara. Pangeni usafiri mapema ili msijikute mnabanana kwenye gari la kwanza linalotokea.

Abiria mwenzako akikohoa ovyo au dereva akizidisha watu, sema mapema na kwa heshima. “Samahani kaka, humu tuna wazee, naomba tufungue madirisha,” hufanya kazi kuliko kelele. Kwa dereva: “Dereva, tumekubaliana idadi ya viti, naomba tusiongeze mtu.” Mkiwa watatu mnaosema jambo hilohilo, dereva husikiliza.

Barabarani ndani ya hifadhi

Barabara kuu inapopita hifadhini, mwendo wa mwisho ni kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku. Anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Ajali hapo pia huwapelekea wahudumu wa afya wa Mikumi majeruhi wengi kwa mara moja, wakati huohuo wanapohangaika na wagonjwa wa mlipuko.

Usisimame hifadhini kuchimba dawa. Ni hatari kwa sababu ya simba na tembo, na wakati wa kipindupindu kinyesi kilichoachwa kando ya barabara huishia kwenye maji baada ya mvua moja. Tumieni vyoo vya Msamvu, Morogoro, kisha vya mji wa Mikumi, na mwambieni dereva kabla ya kuondoka kuwa mtasimama huko. Bebeni maji, sabuni na karatasi za chooni, kwa kuwa choo kisicho na maji hakimlindi mtu.

Usitupe ndizi, biskuti wala maganda kwa nyani na tumbili walio kando ya lami. Nyani aliyezoea chakula cha abiria hukaa barabarani na kugongwa, na wengine huanza kupora watu. Tena kuna suala la ugonjwa. Katika Hifadhi ya Milima ya Mahale, mwaka 2006, sokwe walikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa uliohusishwa na virusi vya binadamu, na tangu kabla ya UVIKO-19 wageni wa Mahale hutakiwa kuvaa barakoa wakiwa karibu na sokwe. Nyani wa Mikumi nao si wa kulishwa mabaki uliyoyauma.

Chupa, vifungashio na barakoa zilizotumika rudi navyo mjini kwenye mfuko wako. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo nendeni na mfuko wa kitambaa au ndoo yenye mfuniko.

Langoni na mbugani

Malipo ya hifadhi hufanyika kwa mtandao au kadi, si kwa fedha taslimu. Kiongozi wa kundi apate kumbukumbu namba na kulipa mapema. Kila dakika anayookoa dirishani inapunguza foleni nyuma yake. Wakati mmoja analipa, wengine wabaki garini au wasimame mbalimbali nje, wasijazane kwenye ofisi ndogo.

Ndani ya mbuga kaeni garini isipokuwa sehemu zilizoruhusiwa. Zimeni muziki. Spika kubwa inayopigwa kwenye eneo la kupumzikia humnyima jirani haki yake, huwafukuza wanyama, na hulazimisha watu kupigiana kelele usoni, jambo linalotawanya mate hewani. Pombe iachwe hadi mrudi mjini: mlevi hushuka kupiga picha na tembo, hugombana na askari wa hifadhi na husahau kila tahadhari ya afya. Mkiona kundi linalofanya hivyo, msigombane nalo. Toeni taarifa kwa askari wa hifadhi, mkitaja namba ya gari na mahali.

Wenyeji nao wanahitaji kulindwa

Mji wa Mikumi uko katika Wilaya ya Kilosa na hutegemea wasafiri: mama lishe, wachoma nyama, bodaboda, nyumba za wageni, wauza matunda. Ndio wanaokutana na mamia ya watu wasiowajua kwa siku moja, halafu wanarudi nyumbani kwa wazazi na watoto wao. Mgeni anaondoka jioni. Mwenyeji anabaki na alichoachiwa. Kituo cha afya au hospitali ya hapo haikujengwa kwa hesabu ya wageni wa Pasaka.

Kwa hiyo nawa mikono kabla ya kuingia kwenye mgahawa, hata kama ulinawa kwenye kituo kilichopita. Kula nje au kwenye banda lililo wazi. Kila mtu apate sahani yake. Mlipe muuzaji bila kumkaribia usoni na bila kubishana naye kwa shilingi mia tano.

Wenye biashara, ndoo ya maji tiririka na sabuni iwekwe mlangoni na ijazwe, kwa sababu ndoo tupu ni pambo. Meza zitenganishwe, chakula kifunikwe na kitolewe cha moto, choo kisafishwe mara nyingi zaidi siku za sikukuu. Kachumbari na juisi za kusagwa zitumie maji salama, au zisiuzwe kabisa wakati wa kipindupindu. Bwana afya akija kukagua, mpokeeni kama mshirika. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa mamlaka, na eneo moja likizua ugonjwa, barabara nzima hukosa wateja.

Viongozi wa wilaya na wa hifadhi wana sehemu yao. Tangazo la tahadhari litolewe siku kadhaa kabla ya sikukuu, wakati watu bado wanaweza kubadili ratiba. Vyoo vya ziada na matenki ya maji yawekwe kwenye vituo vya mabasi. Idadi ya magari kwenye maeneo ya kupumzikia iwekewe kikomo na isimamiwe kwa wote, mwenye Noah na mwenye gari la kifahari.

Mtu akiugua safarini

Mtenge kwenye kiti cha pembeni karibu na dirisha, avae barakoa kama anakohoa, na mtu mmoja tu amhudumie. Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya ORS kidogokidogo bila kusubiri kufika hospitali. Mwenye homa pamoja na kutapika au kutokwa damu asiguswe bila glovu. Pigeni 199 mpate maelekezo. Msimpeleke mgonjwa Dar es Salaam kwa basi la abiria eti kwa sababu huko kuna hospitali kubwa, kwani njiani ataambukiza wengi na yeye mwenyewe anaweza kuzidiwa. Kituo cha karibu kinachoweza kumpokea ndicho mahali pake pa kwanza.

Ukirudi nyumbani, jiangalie kwa wiki tatu. Ukiona dalili, mwambie daktari ulikuwa wapi na mlisafiri na nani, na uwaarifu wenzako wa safari bila kuona aibu. Kuficha ndiko kunakogeuza safari ya watu 29 kuwa mlipuko wa mtaa.

Mikumi imekuwa hifadhi tangu mwaka 1964 na itakuwepo sikukuu ijayo. Ukisikia mlipuko umetangazwa na gari lenu limejaa, punguzeni watu au ahirisheni. Nendeni wachache, siku tulivu, mikono safi na taka zenu mrudi nazo. Wageni wa namna hiyo ndio ambao watu wa Kilosa wanataka kuwaona tena.