SOMO KWA MAKATIBU: KUHAMIA MFUMO MPYA WA KOMPYUTA

Lengo la somo: Kuwawezesha makatibu na wanachama kuyaelewa mambo yanayojitokeza siku za mwanzo za kutumia mfumo mpya, na kuhakikisha kwamba hesabu za chama hazipotei katika kuhama.

1. Sababu ya kuhama

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuziongoza programu nyingine zote. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilisimamisha marekebisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku hiyo. Lakini mlango wenye kitasa kibovu usiotengenezwa humfaa mwizi. Mfumo unaoufuata ni Windows 11, uliotoka Oktoba 2021.

Si kila kompyuta inayoupokea. Yahitajika kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64, na chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo kamati ipime kwanza mashine iliyopo, kabla ya kuidhinisha fedha za kununua nyingine.

2. Mambo yanayoonekana mwanzoni

Jambo la kwanza kuonekana ni kitufe cha kuanzia, kilichokuwa pembeni kushoto, ambacho sasa kimo katikati ya ukanda wa chini. Orodha inayofunguka kwa kubonyeza upande wa kulia wa kipanya nayo imefupishwa. Huo ni ugeni wa macho tu, na huzoeleka kwa muda mfupi.

Lililo zito ni akaunti. Mfumo huu humtaka mtumiaji ajiandikishe kwa akaunti ya Microsoft, na huweza kuyapeleka mafaili yake OneDrive, yaani ghala la mbali linalofikiwa kwa intaneti, ambalo nafasi yake ya bure ni GB 5. Hapo katibu huenda akaitafuta leja mahali alipoizoea asiione, akadhani imepotea. Aidha, kompyuta nyingi zinazokuja na mfumo huu hujifunga diski zake kwa msimbo, na ufunguo wa dharura huhifadhiwa ndani ya akaunti hiyo hiyo. Ikiwa akaunti ni ya katibu binafsi, siku atakapoacha kazi ataondoka na ufunguo wa hesabu za watu wote.

3. Utaratibu wa kufuata

(a) Kabla ya kuhama, urari wa hesabu uchapishwe kwenye karatasi, na utiwe saini na katibu na mtunza fedha.

(b) Nakala mbili za hesabu ziwekwe kwenye diski za kuchomeka: moja katika sefu, ya pili nje ya ofisi. Kila nakala ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine ili ithibitike kuwa ni nzima.

(c) Kazi isifanywe mwisho wa mwezi wala siku ya malipo ya wanachama.

(d) Umeme uandaliwe. Unguja hupata umeme wake mwingi kwa waya upitao chini ya bahari. Ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani takriban miezi mitatu. Hata katizo la dakika moja katikati ya kazi laweza kuuharibu mfumo. Betri iwe imejaa. Kwa ofisi za Mji Mkongwe, kuta nene za mawe hudhoofisha intaneti isiyo na waya. Afadhali mashine isogezwe karibu na chombo cha intaneti.

(e) Baada ya kuhama, urari mpya ulinganishwe na ule wa karatasi, mstari kwa mstari. Printa ijaribiwe kwa kutoa risiti moja.

(f) Akaunti iwe ya chama. Neno la siri na ufunguo wa dharura vitiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, iwekwe katika sefu, na jambo hilo liingizwe katika muhtasari wa kamati.

4. Haki ya mwanachama

Ichukuliwe mfano wa mkulima wa mwani wa Paje mwenye akiba ya shilingi 240,000. Yeye hana haja ya kujua kitufe kimehamia wapi. Haja yake ni kuona kwamba kiasi kilichomo katika kitabu chake ndicho kilichomo katika kompyuta. Kwa sababu hiyo, wiki ya kwanza wanachama waitwe walete vitabu vyao vilinganishwe mbele yao. Penye tofauti, kitabu na vocha ndivyo viwe ushahidi wa kuanzia uchunguzi, wala asiambiwe mtu kwamba "kompyuta ndivyo inavyosema".

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari likiwa ndani ya mashine, bado ni daftari, na mwenyewe ni mwanachama.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Akaunti ya kompyuta ya chama chenu imeandikishwa kwa jina la nani?
2. Nakala ya hesabu zenu ilifunguliwa na kujaribiwa lini mara ya mwisho?
3. Katibu akiondoka leo, ni nani mwingine awezaye kuzifungua hesabu hizo?