Ijue Kampuni ya Lori Kabla ya Kupakia Mzigo

Mkulima wa viazi kule Kuresoi au Molo anapotafuta lori la kupeleka mzigo Kongowea, Mombasa, huuliza mambo mawili: nauli ni pesa ngapi, na lori litafika lini. Ni maswali ya haki. La tatu huulizwa mzigo ukishapotea au lori likishapinduka: kwani hili gari lilikuwa la nani? Jibu lake linaweza kupatikana mapema, na sehemu kubwa ya kazi hiyo unaifanya kwa simu yako.

Kwanza tuondoe dhana moja inayosikika sana katika masoko yetu. Kibali cha biashara kinachotolewa na kaunti hakithibitishi kwamba lori ni salama. Kinaonyesha kwamba biashara imeruhusiwa kuendesha shughuli zake hapa na imelipa ada. Usajili wa kampuni uko chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS. Magari na madereva wako chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA. Uzito wa mizigo kwenye barabara kuu husimamiwa na KeNHA, wale wenye mizani ya Gilgil. Nchini Marekani mtu huandika nambari moja ya kampuni kwenye tovuti ya serikali akaona ukaguzi na ajali zake za miezi 24. Hapa kwetu habari zimetawanyika, kwa hivyo itakubidi uziokote moja moja.

Anza na jina la kampuni. Waombe nambari ya usajili, kisha ingia eCitizen ulipie upekuzi rasmi wa BRS. Kwa kampuni ya dhima yenye kikomo utapata hati iitwayo CR12, inayotaja wakurugenzi na wenye hisa. Usikubali nakala iliyokunjwa mfukoni tangu mwaka juzi, kwa sababu CR12 husema hali ilivyokuwa siku ilipotolewa tu. Nambari inayoanza na BN ni ya jina la biashara, si kampuni. Hilo si kosa, watu wengi waaminifu hufanya kazi hivyo, ila ujue unashughulika na mtu binafsi na upate jina lake kamili. PIN ya KRA nayo unaweza kuikagua kwenye tovuti ya iTax bila kwenda ofisini.

Kampuni ikiwa safi, hujamaliza. Madalali wengi hawana lori hata moja. Huchukua kazi kisha hutafuta gari la mtu mwingine. Kwa hivyo taka nambari ya gari siku moja kabla, na uipekue katika huduma za NTSA kwenye eCitizen. Utaona mmiliki aliyesajiliwa na maelezo ya gari. Linganisha na CR12. Ukikuta jina la benki kando ya jina la mwenye gari usishtuke, huenda gari bado linalipiwa mkopo. Jina lisilohusiana kabisa na kampuni ndilo la kuulizia, na jibu liwe kwa maandishi.

Trela lina nambari yake pia, inayoanza na herufi Z. Watu husahau. Kichwa cha lori kinaweza kuwa kipya kabisa huku trela likiwa na breki zilizokwisha. Sheria inataka magari ya biashara yakaguliwe kila mwaka, kwa hivyo omba cheti cha ukaguzi cha kichwa na cha trela, na usome tarehe mwenyewe.

Sasa uzito, jambo unaloweza kulipima ukiwa umesimama shambani. Milangoni mwa malori mengi kuna herufi T.W. na tarakimu: huo ndio uzito wa gari likiwa tupu. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori la ekseli mbili halipaswi kuzidi tani 18 pamoja na mzigo, na la ekseli tatu tani 26. Tuseme lori la ekseli mbili lina T.W. ya kilo 7,000. Zinabaki tani 11, yaani magunia 220 ya kilo 50, na pengine pungufu ikiwa gari lilitengenezwa kubeba kidogo zaidi. Anayekuahidi kubeba magunia 300 kwa safari moja anakuambia atazidisha tani nne. Nauli itaonekana rahisi, lakini breki hizo ndizo zitakazoshuka mteremko wa Salgaa.

Dereva naye ana mipaka yake. Sheria ya Trafiki hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane kati ya saa 24, na malori makubwa yanatakiwa kuwa na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Kutoka Molo hadi Mombasa ni karibu kilomita 700. Piga hesabu: hata bila foleni wala kituo cha mizani, dereva mmoja hawezi kufika siku hiyo hiyo bila kuvunja sheria. Ukimlazimisha afike alfajiri, wewe pia umeshiriki. Afadhali uulize kama kuna dereva wa pili, au atalala wapi. Tazama pia kama leseni yake ni ya daraja la C linalolingana na lori hilo.

Hasara haimpati mwenye mzigo peke yake. Tarehe 30 Juni 2023, kwa jirani zetu wa Kericho, lori lilivamia wafanyabiashara na matatu kwenye makutano ya Londiani na zaidi ya watu 50 wakafariki. Bima ya lazima ni ya watu kama hao, wale waliokuwa kando ya barabara. Haifidii viazi vyako. Hivyo vinahitaji bima ya mizigo safarini. Iulize kwa jina hilo, kisha upigie kampuni ya bima yenyewe kuthibitisha.

Kuhusu ajali za zamani, kuna njia ambayo wengi hawaijui. Tovuti ya Kenya Law huchapisha hukumu nyingi za mahakama, na kuzisoma ni bure. Andika jina la kampuni uone kama imewahi kushtakiwa kwa ajali au kwa mzigo uliopotea. Soma hadi mwisho, maana kushtakiwa si kupatikana na hatia, na kampuni mbili zinaweza kukaribiana majina. Ukiikuta kampuni ile ile katika kesi baada ya kesi, tafuta lori jingine.

Siku ya kupakia, piga picha ya nambari zote mbili, leseni ya dereva na hati ya mzigo iliyotiwa sahihi. Lori likija na nambari tofauti na uliyopekua, simamisha upakiaji mpaka upekue hiyo mpya.